Daftari la Kaunta

Subilaga, nyonga yako imeamua: mwaka huu
hutapanda kile kilima cha shule. Basi shule ishuke.
Hesabu nimempata mwalimu Ngimbudzi, Jumanne na Alhamisi.
Kemia atakuja binamu yako, akikumbuka.
Historia ya sanaa umeiomba mwenyewe,
na Kihesa nzima sijamwona wa kuifundisha,
basi imeniangukia mimi, karani mstaafu wa kiwanda cha chai,
niliyemaliza miaka thelathini na mmoja nikijumlisha kilo.

Nimenunua daftari la kaunta, kwaya mbili.
Nimepiga mistari kwa rula: Wiki. Mada. Vifaa. Maoni.
Ukurasa ukapendeza kama leja.
Wiki ya kwanza, nikaandika, mapango ya Ufaransa,
maana ndivyo kinavyoanza kitabu nilichoazima parokiani,
kile chenye picha zilizofifia na saini ya padri aliyekwisha kufa.
Mama yako akapita na beseni la mahindi mabichi,
akasoma juu ya bega langu:
"Nauli ya Ufaransa shilingi ngapi?
Igeleke ni bodaboda tu."

Nikafuta. Karatasi ikachubuka.

Wiki ya kwanza: Igeleke.
Vifaa: kofia, maji, kiti cha plastiki chenye mgongo.
Tutakaa chini ya mwamba tuwatazame wale watu wekundu,
wembamba kama njiti, waliosimama pale
kabla ya jina lolote tunaloweza kuwaitia.
Zoezi: nani alipaka, na nani alimshikia rangi?
Jibu sina. Kwenye Maoni nimeweka nukta.

Wiki ya tatu: kikapu cha milulu cha mama Kihwele.
Hesabu mizunguko kutoka kitako hadi mdomo.
Muulize alipokosea, na kwa nini hakufumua.

Wiki ya tano ni chungu cha Wakisi, kile cha Matema,
chenye michirizi myeupe iliyoingia moshi.
Nilikwenda jikoni kukichukua nikipime kimo.
Kilikuwa jikoni kweli: maharage yanatokota ndani.
Somo litasubiri yaive.

Wiki ya saba: boma la Wajerumani.
Mawe ya kwetu, mikono ya kwetu, jina la kwao.
Pima unene wa ukuta, halafu andika kurasa mbili
juu ya mtu aliyebeba jiwe la chini kabisa.

Wiki ya tisa sasa twende Italia.
Hapa nikiri jambo. Zile sanamu zisizo na nguo,
kurasa nne, nilizibana kwa pini.
Usiku sikulala. Nikawasha taa ya simu, nikazibandua
moja moja, na tundu ndogo zimebaki pembeni.
Una miaka kumi na saba. Mara mbili
umelazwa uchi mezani chini ya taa za daktari.
Habari za mwili, mwanangu, nikufiche nini?
Wewe ndiye utakayenieleza
kwa nini yule wa marumaru ameegemeza uzito mguu mmoja.

Wiki ya kumi na mbili: marudio.
Nikafunga, nikakuletea, nikakaa kusubiri
kama nilivyokuwa nikimsubiri mkaguzi.

Ulisoma yote. Hukucheka ila kwenye maharage.
Kisha ukachukua penseli ukakata "marudio",
na ukaniuliza kama najua kwamba kinyozi wa Mlandege
anashusha bango lake Jumamosi:
lile la vichwa sita vilivyochorwa kwa mkono na Ambakisye,
kila kichwa na mtindo wake na bei yake,
cha nne kikiwa na sikio moja kubwa kuliko jingine.
Analeta la plastiki, limechapwa Dar.
"Baba, Igeleke imengoja siku zote. Itangoja.
Sikio lile halina wiki kumi na mbili."

Safu zangu hazina nafasi ya jambo kama hilo.
Nimeliandika juu kabisa, nje ya mstari,
karibu na chapa ya kiwanda cha daftari:
Wiki ya sifuri. Mlandege.

Leo Alhamisi. Ngimbudzi na hesabu zake nimemwahirisha.
Niko barabarani, nachagua bajaji yenye kiti laini.